Uzi wa Kijani Ndani ya Ukosi

Bweni la wanafunzi, chumba namba 9
19 Septemba

Baba yangu Dobi,

Shikamoo. Nimefika salama, mizigo yote imefika salama, na koti ulilonipigia pasi mara mbili limefika limekunjamana kama uso wa mtoto aliyenyimwa sukari. Usilie. Nimelitundika bafuni kwenye mvuke wa maji ya moto kama ulivyonifundisha, na sasa linatazamika.

Kabla hujauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu: ni wewe uliyesema simu na mikono ya sabuni havipatani, na kwamba maneno ya simu yakishasemwa hayana pa kutundikwa. Basi haya hapa, yatundike.

Chumba changu kina kitanda, meza, kabati lisilofunga na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Jirani yangu wa ukuta wa pili ni binti mrefu anayeimba huku anapiga mswaki. Darasani tuko kumi na wanane, kila mmoja katoka nchi yake. Mwaka huu wanauita mwaka wa msingi. Vyeti vyetu vya shule havituingizi moja kwa moja chuo kikuu cha huku, kwa hiyo tunasoma mwaka mmoja kwanza: kuandika insha kwa mtindo wao, kunukuu vitabu bila kuiba, kubishana na mwalimu bila kumkosea adabu. Hilo la mwisho wewe lingekushinda siku ya kwanza. Mwishoni kuna milango miwili mbele ya kundi letu, uhusiano wa kimataifa na anthropolojia. Fomu ya kuchagua inafungwa tarehe 28 Februari, na ukishachagua hakuna kurudi nyuma.

Najiamini, Baba. Nimewatazama wenzangu wote na sijaona wa kunitisha.

Jambo moja. Ndani ya ukosi wa koti nimeona uzi wa kijani wenye fundo. Umesahau kuutoa? Niukate?

Msalimie Mama.

Mwanao,
Balozi


Dukani, meza ya pasi
6 Oktoba

Balozi,

Marahaba. Barua yako ilifika na mikunjo mitatu. Nimeipiga pasi kwa moto mdogo ndipo nikaisoma. Mama yako anasema nina wazimu. Nimemwambia dobi asiyenyoosha barua ya mwanawe atanyoosha ya nani.

Uzi uache ulivyo. Usiukate. Hayo mengine tutazungumza.

Habari zako zimeenea mtaa mzima, na aliyezieneza ni mimi. Kila anayeleta nguo namwambia: yule binti yangu aliyekuwa akikaa juu ya pipa la sabuni sasa anasomea ubalozi. Wote wanakumbuka. Kinyozi wa jirani bado anasimulia siku wale wanaume wawili walipotaka kupigana kwa ajili ya shati moja jeupe, nawe una miaka tisa, ukalitoa mikononi mwao, ukageuza ukosi, ukawaonyesha uzi, ukasema, "Shati lina mwenyewe, na mwenyewe si yeyote kati yenu." Tangu siku ile nani amewahi kukuita kwa jina lako?

Mzee wa Wizara alipita Jumanne kuchukua suti yake nyeusi. Unamjua, yule mstaafu wa Wizara ya Mambo ya Nje anayetembea kama anakagua gwaride. Anasema siku ukipata kituo chako cha kwanza atakupa mkoba wake wa ngozi. Nimemwambia aanze kuupaka mafuta.

Huo mlango mwingine, anthropolojia, nimeuulizia. Nimeambiwa ni watu wanaokwenda kukaa kwenye nyumba za wenzao, wakawatazama wanavyoishi, kisha wakaandika. Hapa mtaani tunao wengi wa namna hiyo na hakuna hata mmoja aliyekwenda chuo. Wewe pita mlango wako.

Baba yako,
Dobi


Chumba namba 9
2 Novemba

Baba,

Shikamoo. Juzi kwenye somo la uhusiano wa kimataifa tulicheza mchezo wa mkutano: nchi nne, mto mmoja, maji hayatoshi. Mimi nilipewa nchi ndogo ya chini kabisa, ile inayoachiwa mabaki. Kufika saa sita mchana wote walikuwa wamesaini karatasi yangu. Mwalimu wa somo hilo, bwana mnene mwenye tai za vitone, aliniambia nafasi yangu kwake ipo. Waambie wateja wako.

Sasa nina kazi ya kuandika, ndefu, inayobeba nusu ya alama za mwaka. Tunatakiwa kueleza jinsi sehemu moja ya kazi inavyojiendesha: nani anajua nini, vitu vinatambulikaje, mambo yakiharibika yanatengenezwaje. Ni lazima tumsikilize mtu wa kazi hiyo kwa maneno yake mwenyewe, kumbukumbu zetu peke yake hazitoshi. Nimekuchagua wewe. Niandikie unavyofanya tangu nguo inapoingia mlangoni hadi inapotoka, hasa unavyojua ipi ni ya nani. Usinifupishie. Na usiulize ni ya somo gani, yote ni masomo.

Ungekiona chumba cha kufulia cha bweni letu! Mashine sita, benchi moja, na harufu ya soksi. Nilikaa humo saa nzima na daftari. Mtu akichelewa kutoa nguo zake, anayefuata anazitoa na kuziweka juu ya kifuniko. Wengine wanazikunja, wengine wanazibwaga. Hakuna tangazo ukutani, lakini kila mtu anajua asubiri dakika ngapi kabla ya kugusa nguo za mwenzake. Ni dakika kumi, nimehesabu. Aliyegusa katika dakika ya saba alitazamwa na chumba kizima mpaka akatoka. Nilijaza kurasa kumi na moja na nilitoka nacheka peke yangu.

Mwanao,
Balozi


Dukani
24 Novemba

Kwa Balozi, na kwa Walimu Waheshimiwa watakaosoma,

Karakana yetu ya usafi wa nguo inaendeshwa kwa utaratibu wa kisasa. Mteja anapofika hupokelewa katika meza ya mapokezi na kukabidhiwa tiketi yenye namba. Namba hiyo huingizwa katika daftari kuu lenye safu saba. Nguo hupelekwa kitengo cha kufulia, kisha kitengo cha kukausha, kisha kitengo cha pasi za mvuke. Kila kitengo kina msimamizi wake. Nguo ikikamilika hutiwa katika mfuko wenye nembo ya karakana. Hakuna nguo iliyowahi kupotea wala kuchanganywa tangu kuanzishwa kwa karakana.

Mkurugenzi, ambaye ni mimi, hukagua kazi zote kila jioni.

Natumaini maelezo haya yanatosheleza mahitaji ya taaluma.

Wako katika kazi,
Mkurugenzi

Haya mwanangu, ndiyo hiyo. Nimeandika mara nne na kuchana mara tatu, na mama yako amecheka hadi akakaa chini. Wape walimu wako. Wasije wakasema Balozi katoka kwenye beseni.


Chumba namba 9
12 Desemba

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua ya Mkurugenzi mara tatu na ningependa sana kukutana naye, maana nimeishi kwenye duka hilo miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona. Meza ya mapokezi ndiyo ile yenye mguu mmoja wa tofali? Msimamizi wa kitengo cha kukausha ni nani, jua? Na kama hakuna nguo iliyowahi kupotea, suruali ya kinyozi iko wapi mpaka leo?

Umepiga chuku, Baba, na najua umeipiga kwa ajili yangu. Lakini uzi uko wapi? Ndani ya kila ukosi wa duka lile kuna uzi, na wewe peke yako ndiye unayeusoma. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza maana ya zile alama ukaniambia nikikua. Nimekua.

Na mimi nina langu, kwa sababu siwezi kukudai ukweli huku wangu nimeukalia. Kazi hii si ya uhusiano wa kimataifa. Ni ya anthropolojia. Nilijua ukijua hutaandika, ndiyo maana nikakuambia usiulize. Mwalimu wake, mama mmoja mwembamba anayevaa viatu vya mvua hata jua likiwaka, ndiye aliyetutuma kwenye chumba cha kufulia. Nilipotoka humo nilishajua nataka nini. Naweza kuwa mwanadiplomasia, Baba, tena mzuri. Lakini ule mto wa kwenye mchezo niliusahau siku ileile, na zile dakika kumi za mashine mpaka leo naziwaza. Nataka kujua watu wanavyoelewana pale ambapo hakuna aliyewaandikia sheria. Hayo nilianza kuyatazama nikiwa juu ya pipa lako la sabuni.

Walimu wa huku hawatalicheka beseni. Madaftari ya safu saba wanayo yao na wameyachoka. Na yapo masharti: hakuna neno litakaloandikwa bila ruhusa yako, na hakuna mteja atakayetajwa jina.

Fomu ni tarehe 28 Februari, insha ni mwisho wa Machi. Nataka kuijaza fomu nikiwa na baraka zako. Naomba radhi kwa kukuficha. Kwa kuchagua siombi.

Mwanao


Chumba namba 9
20 Januari

Baba,

Shikamoo. Leo ni wiki ya sita. Niliuliza posta kama kuna barua zilizopotea njiani, yule dada wa dirishani akaniambia barua hazipotei, watu ndio hawaandiki. Nikanunua stempu ya barua hii.

Wenzangu wengi wameshajaza fomu. Yangu iko mezani, chini ya kikombe. Jirani yangu anayeimba anasema nijaze uhusiano wa kimataifa nimfurahishe mzee, halafu nitaona mbele. Nimemwambia humjui baba yangu. Ukimdanganya kwenye mkunjo mmoja, anaijua suruali nzima.

Niandikie hata kama ni kunigombeza.

Mwanao


Nyumbani
1 Februari

Mwanangu kipenzi,

Mimi kuandika si kazi yangu, unajua, kwa hiyo usitafute nukta.

Barua yako ya Desemba baba yako aliipiga pasi kama kawaida, akaanza kuisoma pasi ikiwa bado mkononi. Alipofika pale katikati akaiweka pasi chini bila kutazama. Kona ya karatasi imeungua na kitambaa cha meza kina alama ya pasi mpaka leo. Nimeishi naye miaka thelathini na mmoja, sijawahi kumwona akiunguza hata leso.

Hasira zake si za hiyo anthropolojia, hata hajui ni kitu gani. Ni kwamba aliwaambia watu ubalozi. Kila anayeingia dukani anauliza, "Balozi hajambo?" naye anajibu, "Hajambo," huku anatazama ukutani. Anaona haya. Tena kuna la pili, zile nyuzi. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, basi na ya mtaa huu anaijua yeye. Mimi mkewe hizo alama sijui hata nusu yake. Sasa wewe unamwambia aziandike kwenye karatasi isomwe na watu wenye miwani.

Juzi nilimwambia, "Wewe si ndiye unayesema mtoto ana akili kukushinda? Kakuambia jambo la akili, unanuna." Akanijibu, "Mimi nanuna polepole. Niache nimalize."

Basi anamalizia. Jana nilimwona amefungua kopo la nyuzi, anachagua rangi.

Fomu yako ijaze unavyotaka. Mimi nilikuzaa hujawa Balozi, na nilikupenda vilevile.

Kula vizuri.

Mama


Dukani
9 Februari

Mwanangu,

Nimemaliza kununa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mkurugenzi ni fupi zaidi. Daftari kuu halipo. Pasi ni mbili, ya umeme na ile ya mkaa kwa siku umeme unapokatika. Meza ya mapokezi ndiyo hiyohiyo ya tofali. Niliona aibu, basi. Nilifikiri nikiandika uzi na beseni, wale walimu wako watakutazama kwa jicho la pembeni.

Ndani ya bahasha kuna kitambaa cheupe. Nimekishonea alama sita. Kishike mkononi ukisoma.

Kwanza ujue kwa nini ni uzi. Wino ukifuliwa unakwisha, karatasi inalowa, ila uzi ukifuliwa unakaza. Tena namba haitoshi kuniambia mambo. Namba inanipa nguo ni ya nani, na mimi nataka kujua mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Mishono miwili myekundu, ya kulala: anataka ukosi mgumu kama ubao. Mwalimu mkuu yumo humu. Ukimlegezea wanga anahisi wanafunzi wamemdharau.

Msalaba mweusi: mgomvi. Mhesabie vifungo mbele yake wakati wa kupokea na wakati wa kumpa, na usitabasamu.

Mshono mmoja wa njano: msahaulifu. Nguo yake iweke rafu ya juu, atakuja mwezi ujao akiapa alileta jana.

Pembetatu ya bluu: wauguzi. Zinafuliwa peke yake, maji yanayochemka, na usimwambie mteja mwingine kwamba nguo zake zimekaa jirani na za hospitali.

Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, huuoni mpaka uupapase: mume na mke walioachana, wote bado wateja wangu. Nguo zao zisitundikwe kamba moja na wasipewe siku moja ya kuchukua. Mume Jumatano, mke Ijumaa. Mwaka wa nne sasa hawajawahi kukutana mlangoni, na wote wawili wanadhani ni bahati.

Hizo tano andika. Ruhusa nimetoa.

Ya sita ni fundo la kijani. Hiyo nimeishona ili ujue, usiiandike. Kuna bwana mmoja kila Jumatatu analeta shati moja jeupe, na Jumanne asubuhi analifuata, analivaa hapahapa nyuma ya pazia, anaondoka na mkoba. Kazi hana, mwaka wa tatu. Kwake hawajui. Mimi nilijua kwa kulitazama shati. La mtu wa ofisini huchakaa kwenye viwiko kwa kuegemea meza. Lake viwiko ni vizima, limefifia mabegani kwa jua. Anakaa nje kutwa nzima, pengine kwenye benchi. Sijawahi kumuuliza. Nalinyoosha kuliko yote, nampa, namtakia kazi njema. Alama hiyo duniani wanayo watu wawili tu.

Kuhusu fomu. Bado sijaipenda hiyo anthropolojia yako, nakuambia kweli kwa kuwa umeniomba kweli. Mzee wa Wizara sijui nimwambieje. Lakini baraka unazo. Jaza. Ila usiniharakishe kufurahi.

Baba yako,
Dobi


Chumba namba 9
17 Mei

Baba,

Shikamoo mara mia. Nimepita. Barua ya chuo kikuu ninayo hapa, naanza Septemba, anthropolojia, miaka mitatu. Kaa chini kwanza, iweke pasi mbali, halafu nikusimulie.

Fomu niliijaza siku ileile kitambaa chako kilipofika. Insha niliipa kurasa thelathini na nilikuandika jinsi ulivyo, pamoja na tofali. Hata barua ya Mkurugenzi niliitia, maana mwalimu alisema mtu anayeficha beseni lake mbele ya wageni naye ni jambo la kuandikwa. Usinune tena. Mama alinipa ruhusa kwa simu, akasema wewe utanipa baadaye.

Kitambaa nilitakiwa kukionyesha kama ushahidi. Nilichukua mkasi nikataka kulitoa fundo la kijani, mkono ukakataa. Nikakipeleka hivyohivyo, alama sita, na insha ina tano.

Mtihani wa mdomo walikaa wawili, yule mama wa viatu vya mvua na, kwa bahati yangu, bwana wa tai za vitone. Mama akakishika kitambaa akapapasa alama moja moja. Ule uzi mweupe aliupenda mno, akarudia kuupapasa kama mtoto. Alipofika kwenye fundo la kijani akafungua insha, akatafuta, akaniuliza, "Na hili?"

Nikamwambia, "Hilo nalijua, lakini nilipewa nilijue tu. Siwezi kulisema."

Akaniuliza tena kwa njia nyingine. Akasema halitatoka nje ya chumba, na kwamba insha yenye pengo inaweza kupunguziwa alama. Kiti changu cha Septemba kilikuwa mezani pale, Baba. Nikamwambia basi anipunguzie. Mwenye fundo hajui kwamba ana fundo, hakuna aliyemwomba ruhusa, na aliyeniambia aliniamini.

Wakatazamana. Yule mama akafunga insha, akasema katika miaka yake yote ya kusahihisha mwaka wa msingi, hilo ndilo somo ambalo wanafunzi huja kulielewa wakiwa wamemaliza shahada, tena baada ya kumuumiza mtu. Bwana wa tai akanung'unika, "Huyu mngeniachia mimi." Kwa hiyo unaona, hata kule wananitaka bado.

Sasa swali langu. Nilirudi chumbani nikaligeuza tena koti langu, lile nililokuuliza Septemba. Fundo la kijani, mkono wako uleule. Mimi kazi sijapoteza, ndiyo kwanza nimeipata. Mbona unanivisha alama ya yule bwana?

Nakuja mwezi wa saba.

Mwanao,
Balozi, kama bado inaruhusiwa


Dukani
3 Juni

Balozi,

Marahaba mara mia na moja. Barua yako sikuipiga pasi. Niliisoma na mikunjo yake, nimesimama mlangoni, na kinyozi akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia mwanangu kapita. Suruali yake imeonekana pia, ilikuwa nyuma ya pipa lako la sabuni miaka yote hiyo. Anasema haimwenei tena lakini ameichukua kwa heshima.

Mzee wa Wizara nimemwambia. Nilipiga moyo konde, nikamwambia kwamba hakutakuwa na ubalozi, mtoto kachagua kusoma watu. Akashika ncha ya koti lake, akasema, "Dobi, kule Wizarani mimi nilikuwa nagonga mihuri. Miaka ishirini na minane. Balozi nilimwona mara mbili, na mara moja alikuwa kwenye lifti." Tukacheka mpaka nikamwagia maji viatu vyake. Kumbe mtaa mzima tulikuwa tunapigiana chuku. Mkoba anasema ni wako vilevile, ndani yake daftari zinaingia vizuri. Ukosi wake una uzi gani usiniulize.

Anayeniuliza siku hizi mwanangu anasomea nini, namwambia anasomea kazi yangu, ila yeye atapewa kofia ya mahafali.

Sasa nikujibu la koti.

Fundo la kijani si alama ya asiye na kazi. Ni alama ya mtu ambaye mimi simuulizi kitu. Akija apokelewe, apewe kilicho chake kimenyooka, atakiwe heri. Ya yule bwana niliishona nilipoliona shati lake. Yako niliishona asubuhi ya safari, wewe ukiwa nje unaagana na kinyozi. Nililigeuza koti nikajiambia: huyu akirudi na cheti au bila cheti, akirudi balozi au akirudi kitu nisichokijua hata jina, apite, asiulizwe. Nikakaza fundo.

Halafu ikaja barua yako ya Desemba, na mtu wa kwanza kukuuliza nikawa mimi. Wiki nane nzima nilikuuliza kwa kunyamaza. Mgeni wa Jumatatu nimemtunza miaka mitatu bila kumuuliza neno, mwanangu mwenyewe akanishinda. Nisamehe, mama.

Wewe ulilinda fundo la mtu usiyemjua mbele ya walimu wawili, na kiti chako kikiwa hatarini. Mimi langu nililishona kwa mkono wangu na nikalisahau.

Jana ilikuwa Jumanne, bwana wetu akaja kuchukua shati. Nilitaka kumwambia kwamba kuna binti ng'ambo aliyekataa kumtaja. Sikusema. Nikamnyooshea ukosi mabegani, nikamtakia kazi njema, naye akasema asante kama kila siku.

Mwezi wa saba njoo na koti, nilifue kwa mkono, maana najua huko mmelitia kwenye mashine. Uzi sitautoa. Ukifika usikae kwenye benchi na wateja. Pita moja kwa moja mpaka kwenye pipa lako, ukae. Hakuna atakayekuuliza kitu.

Baba yako,
Dobi